Kujitolea na Utafiti: Kazi Mbili za Mwanafunzi wa Afya

Kila mwaka, mtihani wa kidato cha nne unapokaribia, wenzetu wengi wanaosoma sayansi husema ya kuwa wanataka kuwa madaktari au wauguzi. Ni neno jema. Lakini ukiwauliza watafanya nini tangu leo hata siku ile watakapovaa koti jeupe, hujibu, "Tutasoma tu." Jibu hilo ni nusu ya kweli. Safari yenyewe ni ndefu. Aliyemaliza kidato cha nne na kufaulu Baiolojia, Kemia na Fizikia aweza kuingia chuo cha utabibu, akasoma miaka 3 hata apate stashahada. Anayetaka shahada ya udaktari hana budi kumaliza kidato cha sita, kisha asome miaka 5 katika chuo kikuu, na baada ya hapo afanye kazi hospitalini mwaka 1 chini ya uangalizi.

Je, muda wote huo mwanafunzi akae akitazama vitabu tu? Hapana. Ziko kazi mbili zilizo wazi kwake kabla hajaitwa daktari, nazo ni kujitolea na utafiti. Katika makala haya nitaeleza maana ya kila moja, jinsi inavyofanywa, na mpaka ambao mwanafunzi hapaswi kuuvuka. Jambo la mpaka nimeliweka makusudi, kwa sababu kazi hizi zikifanywa vibaya anayeumia si mwanafunzi bali ni mgonjwa.

Kwanza tutazame kujitolea. Sisi tunaoishi Machame tunayo picha yake mbele ya macho yetu. Vihamba vingi vya mlimani hupata maji kwa mifongo iliyochimbwa na wazee wa zamani. Mfongo ukiziba au kingo zake zikibomoka kwa mvua, wanaoutumia huitana, na kila nyumba hutoa mtu mwenye jembe. Hapana mshahara, maana anayefaidi maji ndiye mwenye kazi. Lakini twapaswa kuangalia jambo la pili pia. Kazi ile ina msimamizi wake, na yeye ndiye asemaye wapi pazibwe na wapi pafunguliwe. Mtu hawezi kutoboa mfongo mahali apendapo ati kwa sababu ana bidii nyingi. Akifanya hivyo, atakausha migomba ya jirani.

Kujitolea hospitalini ni vivyo hivyo. Mtu hutoa nguvu zake bila kudai malipo, naye hufanya kazi aliyoonyeshwa na msimamizi. Kazi hizo ni nyingi kuliko tunavyodhani. Mgonjwa aliyetoka mbali hajui chumba cha kupimia damu kiko wapi. Anahitaji mtu wa kumwongoza. Mzee hawezi kusoma maandishi ya kadi yake. Anahitaji wa kumsomea. Kuna viti vya magurudumu vya kusukumwa, mafaili ya kupangwa, vyombo vya kuoshwa, na wagonjwa wasio na ndugu ambao hufurahi mtu akiwaletea uji na kukaa nao kidogo. Katika kliniki ya watoto, muuguzi mmoja aweza kuwa na akina mama wengi wanaongoja. Mwanafunzi akisaidia kuandika uzito wa watoto, foleni hupungua.

Kuna kazi nyingine ambayo sisi vijana wa hapa twaiweza kuliko wageni, nayo ni lugha. Hospitali zetu zina madaktari kutoka kila mkoa wa Tanzania. Daktari aliyezaliwa Mbeya au Mtwara hajui Kimachame, na bibi wa miaka 80 huenda akaueleza ugonjwa wake vizuri kwa Kimachame tu. Basi kijana atakayekaa kati yao na kutafsiri bila kuongeza wala kupunguza neno amefanya kazi kubwa. Ila akumbuke ya kuwa aliyoyasikia mle chumbani hayatoki nje. Siri ya mgonjwa haisimuliwi bwenini, wala nyumbani wakati wa likizo.

Wengine watauliza, "Sasa mimi ningali shuleni, nianzie wapi?" Kipo Chama cha Msalaba Mwekundu, ambacho katika nchi yetu kiliwekwa kwa sheria ya mwaka 1962. Chama hicho hufundisha vijana huduma ya kwanza: kuzuia damu isitoke, kumlaza vizuri aliyezimia, kufunga mfupa uliovunjika kabla ya kumpeleka hospitalini. Mafunzo hayo hayahitaji mtu awe daktari. Tena yuko mtu anayejitolea ambaye kila hospitali humngoja, naye ni mchangia damu. Mpango wa Taifa wa Damu Salama hupokea watu wenye afya njema wa miaka 18 hata 65, wenye uzito usiopungua kilo 50. Mwanamume aweza kutoa kila baada ya miezi 3, na mwanamke kila baada ya miezi 4. Mimi nina miaka 17, kwa hiyo sina budi kungoja. Lakini wazazi na walimu wetu wanaosoma gazeti hili hawana haja ya kungoja.

Sasa tuje kwenye mpaka. Yako mambo ambayo mwanafunzi anayejitolea hapaswi kuyafanya hata akiombwa: kuchoma sindano, kushona jeraha, kutoa dawa, kumwambia mgonjwa jina la ugonjwa wake, au kumsaidia mama kujifungua, ikiwa hajafundishwa kazi hiyo na hakuna mtaalamu aliyesimama karibu naye. Sheria hii ni moja kwa wote. Hospitali za Moshi hutembelewa na wanafunzi wa udaktari kutoka nchi za ng'ambo wanaokuja kujifunza kwa majuma kadhaa. Lile ambalo mwanafunzi haruhusiwi kulifanya katika hospitali ya kwao Ulaya, asilifanye hapa ati kwa kuwa wagonjwa ni wengi na madaktari ni wachache. Mgonjwa maskini si kitabu cha mazoezi. Na sisi wenyeji tusijidanganye ya kuwa sheria hii imewekwa kwa wageni tu. Mtu akituita "daktari" kwa sababu tumevaa koti, yatupasa kumjibu pale pale, "Mimi ni mwanafunzi."

Kazi ya pili ni utafiti. Watu wengi hulisikia neno hili wakafikiri habari za mashine kubwa na maprofesa. Lakini utafiti, kwa maneno machache, ni kuuliza swali ambalo jibu lake halijajulikana, kisha kulitafuta jibu kwa kupima na kuhesabu badala ya kukisia. Swali lenyewe laweza kutoka kwa mtoto wa shule. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, mkoani Tanga. Walipokuwa wakitengeneza aiskrimu, aliona ya kuwa maziwa yake yaliyotiwa barafuni yakiwa ya moto yaligandamana kabla ya yale ya mwenzake yaliyokuwa yamepoa. Alipouliza, aliambiwa amechanganyikiwa. Hakuliacha swali lake. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dokta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza na wanafunzi. Wenzake walimcheka, lakini Dokta Osborne alirudi chuoni akalipima jambo lile. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha habari zake katika jarida la fizikia. Wakati huo Mpemba alikuwa akisoma chuo cha wanyamapori cha Mweka, hapa hapa Moshi. Wataalamu wangali wanabishana juu ya jambo hilo hadi leo, na ubishi wao ndio utafiti wenyewe.

Katika mambo ya afya, kukisia huweza kuleta hasara. Nitatoa mfano wa karibu. Ukisimama penye mwinuko siku isiyo na mawingu, waona tambarare ya chini ya Moshi na mashamba ya mpunga yanayonyweshwa kwa maji ya mlima wetu. Kila mtu angesema ya kuwa penye maji mengi pana mbu wengi, na penye mbu wengi pana malaria nyingi. Watafiti walikwenda wakakamata mbu, wakawahesabu na kuwapima, katika kijiji cha mpunga na katika kijiji cha mahindi kilicho jirani. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2002. Ni kweli mbu walikuwa wengi zaidi penye mpunga. Lakini hatari ya kuambukizwa malaria haikuwa kubwa zaidi huko; ilikuwa ndogo kuliko penye mahindi. Kuumwa na mbu wengi si lazima kuwe kuumwa na mbu wenye vimelea, kwani wengine hunywa damu ya ng'ombe, na watu wenye mavuno mazuri huweza kununua chandarua. Kama watu wangekisia tu, huenda wangelaumu mpunga na kukiacha kile kijiji chenye hatari zaidi.

Pengine utafiti na kujitolea hukutana mahali pamoja. Mwaka 1971, mwaka ule ule ilipofunguliwa hospitali ya KCMC hapa Moshi, vita vya Bangladesh viliwafanya mamilioni ya watu wakimbilie India. Katika kambi ya Bangaon kipindupindu kiliwashika wengi, na maji ya kutia kwa mshipa yakaisha. Daktari Dilip Mahalanabis alichanganya chumvi, sukari na maji safi, akawaagiza jamaa za wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Kabla ya hapo walikuwa wakifa karibu watu 30 katika kila wagonjwa 100. Kwa wale walionyweshwa, waliokufa walipungua hata chini ya 4. Waliowanywesha wagonjwa walikuwa ndugu zao tu, wasio na cheti chochote. Lakini kuna mtu aliyehesabu, na kwa sababu alihesabu, dunia nzima iliamini. Leo kila mama aweza kufanya hivyo mtoto akiharisha na pakiti ya dawa ikikosekana: maji safi na salama lita 1, sukari vijiko vidogo 6 visawa, na chumvi nusu ya kijiko kidogo, kisha ampeleke mtoto hospitalini.

Mwanafunzi ana nafasi gani katika kazi ya namna hiyo? Tuchukue mfano wa chanjo ya malaria inayoitwa RTS,S. Ilijaribiwa tangu mwaka 2009 hata 2014 kwa watoto 15,459 katika nchi 7 za Afrika. Katika nchi yetu kazi ilifanyika Korogwe na Bagamoyo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza itumike kwa watoto wa Afrika. Kazi kubwa kama hiyo haifanywi na maprofesa peke yao. Hapana budi wawepo watu wa kwenda nyumba kwa nyumba, wa kuandika namba ya kila mtoto bila kukosea, wa kubandika karatasi kwenye vichupa vya damu, wa kutazama vioo kwa hadubini, na wa kuingiza hesabu katika kompyuta. Mwanafunzi wa chuo huanzia hapo. Anayeandika 16 badala ya 61 aweza kuharibu kazi ya mwezi mzima. Kwa hiyo somo la kwanza la utafiti ni uangalifu.

Nafasi za kujifunza kazi hiyo ziko karibu nasi. KCMC ina chuo cha udaktari kilichoanza mwaka 1997, na pale pale ipo taasisi ya utafiti wa tiba. Pale pia kuna kituo cha magonjwa ya ngozi kinachotengeneza mafuta ya Kilisun ya kuwakinga wenye ualbino na jua kali. Kule Siha iko hospitali ya Kibong'oto, iliyoanza mwaka 1926, ambayo imejulikana tangu zamani kwa kutibu kifua kikuu. Hivyo mtoto wa Hai hana haja ya kufikiri ya kuwa sayansi hufanywa ng'ambo tu.

Lakini utafiti nao una mpaka, na kwangu mimi hili ndilo neno kubwa la makala haya. Wazee wetu katika Afrika Mashariki walisimuliana habari za mumiani, yaani watu waliodhaniwa kukamata wengine usiku na kuwatoa damu ili wafanye dawa. Twaweza kucheka tukisikia. Lakini tujiulize, mtu asiyemjua mzee akija na sindano, akatwaa damu, akaondoka bila kueleza aipeleka wapi, mzee huyo afikiri nini?

Bibi yangu mzaa mama yalimpata mambo ya namna hiyo. Walikuja wanafunzi fulani kijijini kupima watu presha na sukari. Walimchoma kidole, wakaandika, wakaaga. Bibi aliuliza, "Mtaniletea majibu?" Wakasema ndiyo. Majibu hayakuja. Mwaka uliofuata wakaja wengine wasiohusika na wale wa kwanza, wenye adabu na barua ya mwenyekiti wa kijiji mkononi. Bibi alifunga mlango, na majirani wa nyumba 3 wakafanya kama yeye. Wale wa pili hawakuwa na kosa lolote. Walivuna yaliyopandwa na wenzao. Na bibi pia alipata hasara, kwa maana hata sasa hajui sukari yake ilikuwa kiasi gani.

Wakubwa wa dunia nao wamekosea, tena vibaya zaidi. Huko Tuskegee, Marekani, tangu mwaka 1932 hata 1972 watu weusi wapatao 600 waliwekwa katika utafiti wa kaswende. Waliokuwa wagonjwa hawakuambiwa ugonjwa wao, wala hawakupewa penisilini hata ilipojulikana ya kuwa huponya. Kwa sababu ya mambo kama hayo zimewekwa taratibu. Katika nchi yetu, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, ina kamati ya kuchunguza kama utafiti wa afya ni wa haki, na vyuo vina kamati zao. Utafiti haupaswi kuanza kabla ya ruhusa hiyo. Hata ikipatikana, bado inatakiwa ruhusa ya mtu mwenyewe. Aelezwe kwa lugha anayoifahamu: swali ni nini, damu itakayotolewa ni kiasi gani, itapelekwa wapi, kuna maumivu au hatari gani, na atapata majibu lini. Tena aambiwe wazi ya kuwa aweza kukataa, na akikataa atatibiwa kama kawaida. Ikiwa ni mtoto, mzazi wake ndiye aulizwe, na mtoto mwenye akili ya kuelewa aulizwe pia.

Twaona basi ya kuwa kazi zote mbili zina mlango mmoja, nao ni ruhusa ya mgonjwa.

Sasa niseme machache kwa wenzangu wanaotaka kuanza. Zungumza kwanza na mwalimu wako wa Baiolojia na mzazi wako. Andika barua kwa mganga mkuu au kwa muuguzi mkuu, ueleze wewe ni nani, una siku ngapi, na uko tayari kwa kazi gani. Usiseme uko tayari kwa kazi yoyote, maana hiyo si kweli. Likizo ikiwa fupi, chagua mahali unapoweza kwenda kwa miguu. Uliza habari za chanjo ya homa ya ini aina ya B, ambayo hutolewa mara 3, kwa kuwa afanyaye kazi karibu na damu apaswa kujikinga. Akitokea mtu kukudai fedha ili akutafutie nafasi, nenda wewe mwenyewe katika ofisi ya hospitali ukaulize. Chukua daftari dogo, uandike kila siku maswali uliyoyaona, lakini usiandike jina la mgonjwa hata mmoja.

Kwa wazazi na walimu nina ombi moja. Kujitolea hakuna mshahara, lakini kuna nauli na chakula cha mchana. Mtoto wa mwenye nacho aweza kujitolea likizo nzima, naye mtoto wa mjane akahitajika shambani kuchuma kahawa. Baadaye wote wawili wataulizwa chuoni walijifunza nini, na mmoja atakuwa na mengi ya kusema. Ingefaa shule ziwape wote nafasi ndogo hapa hapa: kikundi cha huduma ya kwanza, zamu ya kumsaidia muuguzi wa shule, au hesabu ya siku ngapi kila bweni limekosa masomo kwa malaria au kuharisha, bila kutaja majina na kwa idhini ya mkuu wa shule. Hesabu kama hiyo haihitaji nauli, na ni utafiti wa kweli.

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Anayetaka kutibu watu na aanze kwa kuwasukumia kiti, kuwasomea kadi, na kuwarudishia majibu aliyowaahidi.